Barafu Chini ya Vumbi

Mtani wangu Ramadhani,

Kuna jarida nimelificha miaka yote hii chini ya nguo zangu za kanisani. Lilinifikia ungali hai, nawe hukuliona. Naanza na hilo kwa sababu ndilo jepesi. Lililo zito litakuja, ila nivumilie, daktari ameshaacha kunidanganya.

Kwanza habari za huku. Nzuguni, kule tulikokuwa tunatembea jioni kuzikwepa taa za mji, sasa ni nyumba kwa nyumba. Watu wanatembea na simu mfukoni na kuzungumza peke yao njiani kama wewe ulivyokuwa ukifanya bila simu. Maji ya bwawa la Mtera yakipungua umeme tunagawiwa kwa zamu, na mimi nafurahi kidogo, maana nyota zinarudi.

Mwanao Mwanaidi huja kuniona kila Ijumaa akitoka ofisini. Ananisalimu kwa heshima zote, shikamoo baba, kisha anaweka bakuli mezani na kusema, "Kula mlenda, Mgogo. Baba alisema nyie bila mlenda hata kufa hamwezi." Nacheka mpaka kifua kinauma. Umeniachia mtani mwingine.

Unazikumbuka karanga? Miaka ile ya ruksa, kila kitu kilipoanza kuingia nchini kwa marobota, yule mama wa sokoni alikuwa anafungia karanga kwa kurasa za majarida ya Ulaya. Wewe ulichagua karatasi, si karanga. "Nipe ile yenye picha ya sayari." Naye akakuuliza, "Mwalimu, wewe unakula karanga au unazisoma?"

Katika ukurasa mmoja uliolowa mafuta ndipo yalipoanzia yote. Paliandikwa kwamba nyotamkia ni madonge ya barafu na vumbi yatokayo mbali sana, yakikaribia Jua yanapata joto na kuota mkia, kisha yanaondoka. Na kwamba asteroidi, yale mawe yanayozunguka kwa maelfu katikati ya Mirihi na Mshtarii, ni makavu. Wewe ukauliza, nani alikwenda akachimba?

"Wewe Mgogo," uliniambia, "kiangazi mto umekauka, unafukua mchanga mpaka kiunoni unapata maji ya kunywa. Leo mawe ya Mungu unayaita makavu kwa kuyatazama juu juu?"

Nikakujibu kwamba Mrangi akikosa shamba Kondoa hulima mbinguni. Chumba kizima cha walimu kikacheka.

Lakini hukuwa unatania. Ulijaza daftari zima. Uliandika kwamba baadhi ya mawe yale yameficha barafu chini ya vumbi. Jiwe dogo likiligonga kubwa, vumbi linatoka, Jua linaigusa barafu, na mkia unaota palepale, bila jiwe kutoka kwenye njia yake. Nyotamkia isiyosafiri. "Mwenyeji, si mgeni," uliandika kwa wino mwekundu, ukapigia mstari.

Ilibaki hesabu moja. Je, vumbi la mita chache linaweza kuilinda barafu na joto la Jua kwa miaka yote hiyo? Wewe ulikuwa na stashahada ya ualimu, mimi ndiye niliyekuwa na shahada ya hesabu. Ukaniletea daftari kwa mikono miwili, kama mtu aliyeleta posa. Barafu ikidumu, ulisema, utawapelekea wataalamu wa nje.

Nilikaa nalo wiki nzima. Kisha nikakurudishia mbele ya walimu wote. "Barafu yako imeyeyuka yote, mtani."

Ulicheka. Wote walicheka. Halafu ukanitazama, ukasema, "Utani pembeni, Yona."

Unajua maneno yale yalikuwa nini kwetu. Tulitukaniana koo, wakwe, hata makaburi, lakini akishasema mmoja utani pembeni, mwingine hasemi ila kweli. Hatukuwahi kuvunja hilo, si mimi wala wewe.

Nikasema, "Utani pembeni. Imeyeyuka."

Ulitikisa kichwa taratibu, ukatia daftari mkobani, ukaenda kufundisha kipindi cha nne. Hukulituma popote. Mwisho wa muhula ulirudi kutoka Kondoa na chupa ya asali. "Asante kwa kuniokoa na aibu." Asali ile, Ramadhani. Niliila.

Miaka ikapita. Mwanafunzi wetu mmoja aliyekuwa akisoma nje akanitumia jarida. Ndani yake wameona jiwe kati ya yale mawe, limeota mkia, nalo linazunguka na wenzake kama kawaida. Wengine walisema ni vumbi tu la kugongana, wengine wakasema ni barafu. Walikuwa wanabishana ubishi wako. Nilisoma nimesimama, nikikusikia chumba cha pili unakohoa. Nikasema nitakuambia Jumatatu. Jumatatu ile ulilazwa.

Msibani nilifanya kazi ya mtani. Nilivaa koti lako uani kwako, nikaweka chaki nyuma ya sikio, nikatembea kwa kuinama kama wewe, nikapaza sauti, "Mawe yana maji! Chimbeni!" Watu walicheka huku wanalia. Dada yako akasema, "Huyu ndiye mtani." Kisha nikaingiza mkono katika mfuko wa koti nikakuta karatasi ya karanga, imekunjwa vizuri. Nikashindwa kuendelea. Wakadhani hata hilo ni mchezo.

Ningependa kusema niliogopa wale wataalamu wa nje wangekuchukua uniache peke yangu. Ni kweli, lakini si yote. Shahada yangu ilikuwa ukutani na sikuwahi kuuliza swali ambalo halimo kitabuni. Wewe ulilipata kwenye karanga.

Ijumaa akija, nitampa Mwanaidi lile jarida, karatasi zangu za hesabu ambazo sikuzichoma, na barua hii. Daftari lako analo tayari. Nimeahidi, na safari hii nitatimiza, kwamba nitamwomba aisome kwa sauti kaburini kwako Kondoa. Akinitukana, ana haki mara mbili.

Pumzika, mtani. Nikifika huko usinipokee kwa maneno ya adabu, nitajua hujanisamehe.

Utani pembeni, Ramadhani. Ni mimi Yona nasema. Hesabu ile niliipiga mara tatu, na mara zote tatu barafu ilibaki.