Sola Yetu Ilielekea Kusini

Makangale, Jumapili ya Julai. Jua linawaka lakini upepo una baridi. Leo nina furaha mpaka naona haya.

Kwanza niungame: kosa lilikuwa langu.

Wiki tatu nyuma madrasa yetu iliwekewa sola ya kuvuta maji kisimani, badala ya jenereta la dizeli. Mimi ndiye niliyelisema sana jenereta hilo, kwamba moshi wake unazidi kuichemsha dunia, na bahari imeshaingia kwenye bonde la mpunga la bibi. Nilisema nikiangalia chini, lakini nilisema. Kwa hiyo kitabu cha maelekezo, Kiingereza kitupu, nikapewa mimi nifasiri. Kimeandika paneli zielekee kusini. Nikafasiri neno kwa neno, na Mjomba Hamadi akazifunga hivyo hivyo.

Maji yakawa yanadondoka tu. Mzee Faki, mwangalizi wa kisima, akanishika: "Bi Kizungu, jua lako lina homa? Ikifika Jumatatu bado hivi, narudisha jenereta langu!" Watu wakacheka. Nilitamani nijifukie.

Jana adhuhuri natandika msala uani, nikaona kivuli changu kimeanguka nyuma yangu.

Kibla chetu huku ni kaskazini. Basi jua la miezi hii liko mbele yetu! Nikakikimbilia kitabu. Kimechapwa Ulaya, ambako jua hupita kusini. Paneli zetu tumezigeuza zikalipa jua mgongo.

Ningeweza kumnong'oneza Mjomba, aseme yeye. Nililifikiria hilo, sidanganyi.

Lakini leo asubuhi nikasimama mbele ya kamati nzima ya kisima. "Nimekosea mimi. Zielekezwe kibla."

Mzee Faki akadakia: "Alaa! Hata sola nayo iswali?"

Tulicheka wote, hata mimi. Lakini ni yeye aliyechukua spana na kumsaidia Mjomba kulegeza nati. Kufika saa saba, tangi limefurika.

"Ntoto weye," Mzee Faki akaniambia, miguu yake imeloa, "nenda kalete turubai tulifunike hilo jenereta."

Nililifunika kwa mikono yangu.

Mimi, ninayejificha nyuma ya wenzangu darasani!

Kesho nitawaandikia waliochapa kitabu kile, kwa Kiingereza chao. Nitawaambia na sisi tupo, upande huu wa jua.