Trekta Lako Limebinua Tela

Mpendwa Baba,

Mikono bado ina grisi, lakini nimeshindwa kusubiri: trekta lako limebinua tela! Nimeshaandika kwenye daftari langu: Jumamosi, saa nne na dakika kumi asubuhi, shambani Kimbiji.

Unakumbuka likizo zangu za sekondari, wewe na mimi juu ya tela, tukishusha mbolea ya kuku kwa koleo? Ulikuwa unajishika kiuno na kusema, "Trekta hili lina miguu tu, mwanangu. Mikono ni sisi." Tunacheka, tunaendelea, mpaka viganja vinatoka malengelenge.

Tangu ututoke, kaka Deo anataka kuliuza kama chuma chakavu. Juzi akapata mnunuzi. Nilimwomba anipe mpaka leo. Akasema, "Likibinua tela lililojaa, libaki. Likishindwa, mdogo wangu, usinililie."

Nikamfuata fundi Salehe kule Mikocheni, yule aliyezoea kukuita Mzee Vipimo. Alikuja, akafungua mfuniko nyuma ya kiti. Pale penye mafuta yanayonyanyua jembe akafunga vali, na kutoka hapo akavuta mpira mrefu mpaka kwenye jeki mpya chini ya tela. Kila hatua niliichora.

Leo asubuhi tukajaza mbolea, nikavuta wenzo. Tela likapanda, likafika nusu, likagoma. Pampu ikaanza kulia. Deo akatoa simu.

"Nimpigie mtu wangu?"

"Tulia, braza," Salehe akamwambia, kisha akanigeukia. "Sista, oili umejaza mpaka wapi?"

"Mpaka alama ya Baba." Ile uliyoikata kwa msumeno kwenye kijiti cha kupimia, ukanionya nisiivuke hata tone.

Salehe alicheka mpaka akakaa chini. "Mzee alipima ya trekta peke yake! Oili ya giaboksi ndiyo hiyo hiyo inayosukuma jeki. Jeki imekunywa yake, pampu inavuta hewa. Ongeza!"

Baba, sijawahi kukujibu vibaya, lakini kumimina oili juu ya mstari wako kulikuwa kama kukujibu mbele ya watu. Tuliteremsha tela, nikamimina karibu ndoo nzima. Nikavuta wenzo tena. Likapanda. Likapita nusu! Mlango wa nyuma ukafunguka, mbolea yote ikaporomoka chini kwa mkupuo mmoja, na mimi nikapiga yowe ambalo nadhani Kimbiji nzima imelisikia.

Deo akarudisha simu mfukoni. Kisha akasema, "Hebu shuka, na mie nijaribu."

Nimeongeza mstari wa pili juu ya wako, Baba. Ninajua ungeupima mwenyewe kabla ya kukubali, na ningefurahi sana kukuona ukiupima.

Mnunuzi ameambiwa asije. Deo bado yuko kwenye kiti chako, anapandisha na kushusha tela tupu, na hataki kunipisha.

Shikamoo, Baba. Pumzika vyema.

Binti yako wa pili