Sura ya Kumi na Moja Niliyoiruka

Jumamosi, mwezi wa kumi na moja. Mvua.

Imenyesha tangu saa nne asubuhi bila kubadilisha sauti. Vilima vya Gihosha, ambavyo ninaviona kila siku nikisimama mlangoni kwetu, leo havikuonekana kabisa, kana kwamba mtu ameviondoa. Nimerudi nyumbani nimelowa mpaka soksi. Nimebadilisha nguo na kukaa kando ya dirisha ili niandike kabla giza halijaingia. Mama ameniuliza kama ninaumwa. Nimemwambia hapana.

Siumwi. Nilidanganya watu wazima tisa, na niliwadanganya nikiwa nimefungua kitabu mbele yao.

Maktaba yetu ya mtaa hapa Bwiza ni chumba kimoja chenye rafu nne na mabenchi ya watoto. Kila Jumamosi saa tisa alasiri mabenchi hayo huwa ya wakubwa. Mtu mmoja anasoma kwa sauti na wengine wanasikiliza. Madamu Consolate, mkutubi wetu, alianzisha jambo hilo baada ya kuona wazazi wanaleta watoto wao kisha wanabaki wamesimama mlangoni, hawaingii na hawaondoki. Hakuna anayeulizwa kama anajua kusoma. Mwaka huu alinichagua mimi niwe msomaji kwa sababu, alisema, simezi mwisho wa maneno. Nina miaka kumi na sita, na sijawahi kupewa kazi iliyonifurahisha kama hiyo.

Tuna desturi yetu. Tunasoma sura moja tu kila wiki, hata watu wakiomba nyingine. Sura ikiisha, msomaji haweki alama mwenyewe. Anampa kitabu Mama Divine.

Mama Divine ni fundi cherehani, anashonea kwenye kibaraza cha duka, avenyu ya pili kutoka maktaba. Alama yetu ni kipande cha kitenge cha kijani alichokitoa kwenye mabaki yake na kukikunja kingo kwa mashine ili kisifumuke. Yeye mwenyewe hajui kusoma, na alitwambia hivyo siku ya kwanza kabla hatujamuuliza. Anapokea kitabu kwa mikono miwili, anaweka kitenge kwenye ukurasa ambapo sura inayofuata inaanza, penye namba kubwa, anafunga kitabu na kunirudishia. Hakuna anayesimama kabla hajamaliza.

Divine alikuwa binti yake. Alifariki mwaka jana kwa homa ya siku tatu. Alikuwa na miaka tisa. Nilimfahamu, kwa sababu alikuwa akikaa sakafuni karibu na rafu ya chini, miguu ameinyoosha, na ilibidi umruke ukitaka kupita.

Kitabu tunachosoma kinahusu mama mmoja anayehama na watoto wake watatu baada ya maji kuchukua nyumba yao. Msomaji anaruhusiwa kuja katikati ya wiki kuisoma sura mapema ili asijikwae mbele ya watu. Jumatano ya wiki iliyopita nilikwenda nikasoma sura ya kumi na moja. Mtoto wa katikati anashikwa na homa njiani. Mama anambeba mpaka kwenye zahanati, na anapofika bado anambeba, hata baada ya kuambiwa amlaze chini.

Nilifunga kitabu. Nikauona akilini uso wa Mama Divine kwenye benchi la mbele, mahali anapokaa kila Jumamosi, mbele yangu kabisa.

Basi Jumamosi iliyopita nilifungua kwenye kitenge, nikageuza kurasa kumi na mbili kana kwamba zimeshikana, nikaanza sura ya kumi na mbili. Katika sura hiyo mama anafika mjini na watoto wawili. Niliposoma hapo, Mzee Rajabu aliinua mkono. Mzee Rajabu alikuwa makanika miaka mingi, na huwahesabu watu wa kitabuni kama anavyohesabu spea mezani.

"Ngoja kwanza. Watoto si walikuwa watatu? Ule wa katikati ameenda wapi?"

Niliinamisha macho kwenye ukurasa na kusoma sentensi ambayo haikuandikwa pale. Nikasema mtoto wa katikati alibaki kwa shangazi yake ili asome shule.

Niliisoma vizuri. Sikumeza mwisho wa neno hata moja.

Mzee Rajabu alisema, "Aa, sawa," nikaendelea. Mwishoni nilimpa Mama Divine kitabu kama kawaida. Alifungua, akatafuta namba, akaweka kitenge. Mkono wake ulibaki juu ya ukurasa muda mrefu kuliko siku nyingine. Akanirudishia kitabu, akaenda zake.

Wiki nzima nilijiambia kwamba nilimfanyia wema.

Leo benchi la mbele lilikuwa tupu. Nilidhani ni mvua. Wengine wanane walikuwa wamefika, viatu vyao vimeacha matope mlangoni, na Madamu Consolate alikuwa ameweka ndoo pale bati linapovuja. Tulimsubiri kidogo. Kisha Madamu akanipa ishara nianze, nikafungua kwenye kitenge.

Kilikuwa kwenye sura ya kumi na moja.

Niliitazama ile namba. Nilijua ni nani aliyekihamisha, lakini bado nilimgeukia Madamu, na yeye akasema kwa sauti ya kawaida tu kwamba Mama Divine alipita jana, akaomba kukishika kidogo kitabu, akakirudisha rafuni.

Nilikuwa nimesahau jambo ambalo mtu yeyote wa hapa angelikumbuka. Mama Divine hajui herufi, lakini siku nzima anaishi na utepe wa kupimia shingoni. Namba anazijua kuliko mimi.

"Kitabu kimegoma leo?" Mzee Rajabu aliuliza. Watu wakacheka kidogo.

Ningeweza kugeuza zile kurasa tena. Naandika hili kwa sababu ni kweli: niliwaza kufanya hivyo, na vidole vyangu vilikuwa tayari vimezishika. Badala yake niliwaambia. Nilisema niliruka sura nzima, na kwamba ile sentensi ya shangazi niliitunga mimi.

Mvua ilikuwa ikipiga mabati. Kisha Mzee Rajabu akatikisa kichwa.

"Mi nilishangaa. Shangazi gani huyo hatujamusikia tangu mwanzo? Anatokea tu pa, na nyumba na shule."

Safari hii hakuna aliyecheka sana. Mama mmoja aliyekaa nyuma aliuliza kwa upole, "Uliogopa juu ya Mama Divine?" Nikasema ndiyo. Madamu Consolate hakunikaripia. Alichukua mwavuli wake nyuma ya mlango akanipa. Alisema, "Nenda kwanza. Sisi tutakuwa hapa."

Kitabu hakiruhusiwi kutoka maktaba. Nilichomoa kitenge, kidole cha Madamu kikabaki kushika ukurasa.

Mama Divine alikuwa kwenye kibaraza chake, amefunga karatasi ya nailoni upande wa upepo. Alikuwa anashona sare za shule za kaki.

"Ingia, unalowana," alisema, bila kuacha kukanyaga mashine.

Nilisema yote niliyokuja kusema. Niliomba msamaha. Nilisema nilidhani ile sura ingemuumiza. Alifika mwisho wa mshono, akakata uzi kwa meno.

"Ule mutoto alikufa?"

"Ndiyo, Mama Divine."

"Nilijua. Mi niliweka kitenge kwa kumi na moja. We ukasoma, ukanipa kitabu, mi nikaweka kwa kumi na tatu. Ulifikiri namba nazo sizijue? Namba ndizo zinanilisha."

"Apana, Mama."

"Kulia, mi nalia hapa kwa mashine kila siku. Hakuna mwenye ameshakufa sababu mi nalia."

Aliokota mkono wa shati, akaulinganisha na mwenzake. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo.

"Tangu Divine aende, watu wote wananirukaka. Nikifika kwa bomba, wenye walikuwa wanaongea juu ya watoto wanaanza kuongea juu ya mvua. Hata we, binti yangu, mukobwa wangu. Nilikuwa nakuona unavuka barabara."

Ni kweli. Tangu mazishi nimekuwa nikivuka. Nikienda kununua mkate asubuhi, ninapofika karibu na kibaraza chake ninahamia upande wa pili, naangalia simu au naangalia chini. Nilidhani haoni kwa sababu ameinama kwenye mashine.

"Mi nilikuja kule kwenu sababu kitabu hakinijue," alisema. "Kinasema tu yenye kinasema. Hakiniangaliake usoni kwanza."



Halafu, bila mimi kumuuliza, akaniambia kuhusu Divine. Jioni, baada ya shule, alikuwa akikaa pale, kwenye kibao kilichokuwa karibu na miguu yangu, akimsomea mama yake kitabu cha darasani.

"Akikuta neno gumu, hakuwa anaruka. Alikuwa anasimama hapo tu. Mi nashona, nangoja. Siku ingine namaliza mukono muzima wa shati, yeye bado iko kwa neno moja." Alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. "Nilikuwa namwambia, we Divine, pita basi. Anasema apana, Mama, liko hapa, lazima nilisome."

Nilikuwa nimekishika kile kitenge mkononi, kimelowa. Nilimnyooshea. Hakukipokea.

"Kirudishe pale nilikiweka."

Nilimuuliza kama atakuja Jumamosi ijayo. Alisema hajui, ana sare kumi na mbili za kumaliza. Akaanza kukanyaga mashine tena, na nilikuwa nimeshashuka ngazi ya kibaraza niliposikia sauti yake.

"Lakini musiisome bila mi."

Nilirudi maktaba nikawaambia maneno hayo hayo, bila kuongeza langu. Wote wanane walikuwa bado wamekaa. Tulikubaliana tutasubiri, hata ikichukua mwezi. Mzee Rajabu alisema yeye alishawahi kungoja spea ya gari miezi minane, sura moja haiwezi kumshinda. Nilirudisha kitenge kwenye sura ya kumi na moja. Watu wakaondoka mmoja mmoja, kila mtu na nailoni yake kichwani. Leo hatukusoma chochote.

Sasa niandike lile ambalo sikumwambia hata yeye.

Sikuiruka ile sura kwa ajili yake. Niliiruka kwa ajili yangu. Niliogopa nitafika pale mama anapoambiwa amlaze mtoto chini, niinue macho, na uso wake uwe mbele yangu, na mimi nisijue la kufanya na uso wangu. Nikauita woga wangu huruma. Na kwa kuwa nilikuwa na kitabu mkononi, watu waliniamini.

Watu wote walipokwisha kutoka, nilimwomba Madamu Consolate aniache nijaribu kuisoma kwa sauti, peke yangu, wakati yeye anamwaga ndoo. Kurasa mbili za kwanza zilikwenda. Katika ukurasa wa tatu, pale muuguzi anaponyoosha mikono kumpokea mtoto, sauti ilinikatika. Nilitaka kushuka mstari mmoja tu chini. Mmoja.

Nikasimama hapo. Madamu alirudi na ndoo tupu, akaiweka mahali pake, hakuniambia nipite. Mwishoni niliisoma ile sentensi, vibaya, nusu ya maneno yakiwa yamemezwa, lakini niliisoma.

Sijui kama atakuja. Akija, sijui kama nitaweza kumwangalia. Labda sauti itanikatika pale pale, na yeye atalazimika kungoja, kama alivyokuwa akingoja.

Mvua haijaacha. Asubuhi nitatumwa mkate, kama kila Jumapili. Nitapita upande wake wa barabara.