Cheche Ulizozisikia Ukutani kwa Mama Salma

Mpendwa dada Milembe,

Wiki iliyopita nilikuwa nafunga umeme kwenye nyumba mpya hapa Geita, na kwa mara ya kwanza mwenye nyumba akaniletea kifaa cha kugundua cheche kwenye waya. Nilipokishika nikakukumbuka wewe, na ile siku nyumbani kwa Mama Salma, Shinyanga mjini, miaka ya tisini.

Tulikwenda kufunga feni tu. Ukiwa juu ya ngazi ulisita, ukanusa hewa, kisha ukamuuliza Mama Salma, "Leo mmepika samaki?"

"Hapana, dengu. Kwani vipi?"

Ukashuka, ukatega sikio kwenye ukuta wa mbao uliotenganisha sebule na chumba cha mama mkwe wa Mama Salma, bibi ambaye hakuweza tena kuinuka kitandani peke yake. Ukaomba pasi iwashwe ili waya ubebe umeme mwingi. Ilipowashwa ukasema unasikia kitu kama karanga zinazokaangwa. Ilipozimwa, kimya. Mimi sikusikia chochote. Hukusubiri, ulikwenda moja kwa moja kuzima swichi kubwa.

Mama Salma alikasirika. "Fyuzi haijakatika! Kungekuwa na hitilafu si ingekatika?" Akanigeukia mimi. "Wewe ndiye fundi, sema."

Dada, hapo ndipo ninapoona aibu mpaka leo. Wewe ndiye uliyenifundisha hata kushika koleo, lakini mwanaume nilikuwa mimi, na nikaona raha kuitwa fundi mbele yako. Nikajibu, "Fyuzi ni nzima, mama. Hakuna tatizo."

Hukunifokea. Ulisema taratibu, "Fyuzi inakatika umeme ukizidi. Hapa haujazidi, unaruka tu kwenye waya uliolegea. Utaruka hivyohivyo mpaka mbao ziwake." Kisha ukamwambia Mama Salma, "Niruhusu ning'oe ubao mmoja, mama. Nikikosea, nitaurudisha na hutaniona tena hapa."

Alipokubali, nikaung'oa mimi, kwa hasira. Nyuma yake palikuwa na nyaya zilizosokotwa na kufungwa kwa kipande cha mfuko wa plastiki. Plastiki ilikuwa imeyeyuka, ile harufu kama ya samaki ikitoka hapo, shaba imekuwa nyeusi, na mbao za upande wa bibi zimeungua kiasi cha kiganja. Chandarua chake kilikuwa kinagusa hapohapo.

Mama Salma alipapasa pale palipoungua, akaingia chumbani na kuvuta kitanda cha mkwewe kwa mikono yake mwenyewe. Alikuwa mkubwa kwako kwa miaka mingi, lakini aliporudi alikuambia, "Fundi, shikamoo." Ukafunika uso kwa viganja, ukacheka kwa haya. Jioni ile tulirudi nyumbani bila mimi kukuomba radhi. Wala hukunidai.

Hiki kifaa cha sasa kinafanya kazi iliyofanywa na pua yako na masikio yako. Kinatambua jinsi umeme unavyobadilika cheche zinaporuka, kisha kinaukata kabla moto haujashika. Fyuzi haiwezi hilo, na hata breka ya kawaida, ile swichi inayojizima umeme ukizidi, haiwezi. Nilimweleza mwenye nyumba hayo yote, nikamsimulia na habari ya Mama Salma. Nikamwambia pia kwamba kifaa hakiungi waya, kwa hiyo kila kiungo nimekikaza kwa mkono, nikakivuta mara mbili, kama ulivyokuwa ukinitaka nifanye.

Akaniuliza, "Ufundi huu ulijifunzia wapi?"

Tangu ulipotutoka, swali hilo nimekuwa nikilijibu kwa kusema nilijifunza migodini, kwa wakubwa wa kazi. Safari hii nilitaja jina lako. Nilitaka kulitaja kwa utulivu, lakini sauti ilinipanda mpaka wapaka rangi wa chumba cha pili wakaacha kazi. Mmoja akachungulia mlangoni akauliza, "Nani?"

Nikalirudia kwa sauti kubwa zaidi.

Lala salama, dada. Nisamehe nimechelewa.

Ni mimi, mdogo wako na mwanafunzi wako