Farasi Kumi na Tano kwa Ajili ya Baba Mkwe

Jumapili, 3 Agosti 2025

Tumerudi kutoka Busi, ukweni, huko Kondoa. Bila baba mkwe.

Niandike ilivyokuwa, kabla sijaanza kujisimulia vizuri zaidi. Gari ni jipya, dogo, lina turbo, nailoni za viti bado hazijatolewa. Tulikwenda kumchukua Mzee Hamidu, baba yake Nasra, aje Dodoma kufanyiwa upasuaji wa macho. Mtoto wa jicho. La kulia linaona mwanga tu, la kushoto linafuata.

Kuna mlima wa kutokea kijijini, vumbi na kokoto. Gari lilipanda robo, likahema, likasimama. Nikakanyaga mafuta hadi mwisho. Likalalamika, halikwenda. Mzee akafungua mlango, akashuka na fimbo yake, akaanza kupanda kwa miguu. Nasra na shangazi yake wakashuka kusukuma. Mzee alifika juu kabla yetu! Mtu asiyeona! Akasema hawezi kupanda gari ambalo yeye analiacha nyuma. Akageuka, akashuka kurudi kwake.

Nasra hakunisemesha njia nzima. Kiyoyozi kilifanya kazi vizuri.

Jumanne, 5 Agosti

Nasra kampigia baba yake. Shikamoo nyingi, kisha masharti. Atakuja siku gari hilo litakapopanda mlima bila kusimama, yeye akiwa ndani. Basi? Basi linamtapisha. Gari la kukodi? Ana mkwe mwenye gari, akodi ili watu wamcheke?

Kliniki wametupa tarehe nyingine, Jumatatu ya tarehe 25. Daktari kasema tusiahirishe tena. Jicho likikomaa sana, kazi inakuwa ngumu.

Nasra alikwenda jikoni kulia. Alidhani sisikii. Nilisikia. Imeniuma. Inaniuma zaidi kwamba kisa ni gari langu.

Jumatano, 6 Agosti

Filipo wa ofisini anasema nguvu zinaongezwa, ni suala la kompyuta tu. Niongeze nguvu za farasi hamsini na sitajuta. Nikamuuliza la kwake liko wapi. Liko gereji. Tangu Mei.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimepeleka gari gereji ya Ihumwa. Fundi anaitwa Ritha. Ni injinia, ana kompyuta na ana ulimi.

Nikamwambia nataka farasi hamsini. Akauliza kama nataka na injini ya akiba kabisa. Akaingia, akawasha, akatazama dashibodi.

“Kaka Iddy, hii taa ya kijani inawaka tangu lini?”

Tangu nilinunue. Nilidhani kijani maana yake mambo salama. Kumbe ni kile kitufe cha kubana matumizi ya mafuta. Ukikibonyeza, gari linajibania pumzi lenyewe. Yaani nimepandisha ukoo wa watu mlimani huku nimelikaba koo!

Ritha akacheka mpaka akashika meza. Nikamwomba asimwambie mtu. Akasema hawezi kuahidi.

Alipotulia akasema ukweli mwingine. Hata bila kitufe, watu wanne na mizigo kwenye kokoto ni kazi kwa kainjini ka lita moja. Kanahitaji msaada. Kidogo! Farasi kumi na tano, si zaidi, kiasi ambacho gia na turbo vinaweza kubeba. Plagi mpya, oili mpya. Petroli ya kituo tu, ile ya chupa za barabarani marufuku, injini itaanza kugonga. Na likitoka mlimani nisizime papo hapo. Liache lingurume dakika moja, turbo ipoe.

Pia nimwambie wakala aliyeniuzia. Nikauliza ni lazima? Akasema uongo kwenye injini huwa unatoa moshi.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimewaambia. Dada wa kwenye simu aliniomba nirudie. Kisha akasema garantii ya injini itaondoka, ya rangi itabaki. Kwa hiyo nina rangi iliyolindwa. Bima nao nimewaarifu.

Nasra akauliza kama nina uhakika. Nikasema macho ya baba yake hayana garantii yoyote. Akanishika mkono. Alikuwa hajanishika mkono tangu Busi.

Jumamosi, 16 Agosti

Kazi imefanyika. Kabla ya jaribio Ritha akauliza abiria ni wangapi. Wanne: mimi, Nasra, mzee, na shangazi Mwanahawa atakayemuuguza. Mizigo? Nikasema mfuko mmoja.

Akaweka spana chini. “Unatoka ukweni Kondoa na mfuko mmoja? Umeoa huko kweli wewe?”

Ana haki. Ukiwa na gari huondoki Busi mikono mitupu. Ukikataa mzigo umeitukana nyumba nzima, na nyumba ya jirani iliyoleta maboga.

Tukapakia mifuko ya saruji. Mmoja mbele ndio Nasra. Nyuma mzee na shangazi, tukawafunga mikanda. Buti ikajaa saruji ya mahindi na mbaazi. Tukapanda kilima cha nyuma ya gereji, tukarudi, tukapanda tena. Ritha macho kwenye kompyuta, anaangalia joto, anasikiliza kama injini inagonga. Haikugonga. Gari halikuhema hata kidogo. Mimi ndiye niliyehema.

Breki alizijaribu kwa muda mrefu kuliko mlima. Kupanda utapanda, kasema, na kushuka je? Nikamwomba aongeze farasi watano tu, wa akiba. Akafunga kompyuta.

Saruji ya mzee ilipasuka kidogo. Sitamwambia Nasra.

Ijumaa, 22 Agosti

Kesho Busi. Tangi limejaa. Nimekagua taa ya kijani. Imezimwa. Nimekagua tena.

Jumamosi, 23 Agosti

Busi. Naandika nikiwa kwenye usukani. Injini inanguruma.

Limepanda! Mzee alitaka jaribio kwanza, mimi na yeye tu. Majirani wamejipanga kando kama wanasubiri mgeni wa serikali. Sikumaliza bismillah tukawa juu. Nikageuza, tukarudi nyumbani kwake. Nasra kapiga kigelegele. Mzee kashuka, kapapasa boneti, kasema sasa limekuwa gari. Nilifurahi kama mtoto, sina haja ya kuficha.

Mizigo ikaingia: mahindi, mbaazi, maboga, na jogoo wawili ambao Ritha hakuwapigia hesabu. Shangazi Mwanahawa akaingia. Mzee akafika mlangoni, akakaa ukingoni mwa kiti, akasimama. Hapandi.

Kwa nini, baba? Anasema gari lina kasi mno.

Nikasema naweza kwenda polepole. Akasema kama linaweza kwenda polepole, lilikuwa linaongezewa nguvu za nini. Nilikasirika. Plagi, garantii, saruji iliyofungwa mikanda, halafu kasi!

Nasra akachuchumaa mbele yake. Wakaongea Kirangi, chinichini. Mzee kaukamata mkono wake, kidole gumba kinausugua. Mimi Kirangi changu kinaishia kwenye salamu. Nikamuuliza shangazi wanasema nini. Akatazama dirishani kwanza.

“Anauliza kama kisu kinaingia jicho likiwa wazi.”

Kumbe. Si mlima. Haukuwa mlima hata siku ile ya kwanza. Mzee wa watu alipanda kilima kizima kwa miguu, gizani mwake, ili tu asifike hospitali. Na mimi nikaenda kutafuta farasi.

Hasira imeniishia. Hakuna fundi wa hili Ihumwa.

Sasa amekaa tena. Mguu mmoja ndani, mmoja bado uko chini. Nasra hajatoka pale. Mzee kaniuliza mbona sizimi injini. Nikamwambia limetoka mlimani, baba, linahitaji dakika moja litulie, ndivyo fundi alivyosema.

“Basi lisiharakishwe, mkwe.”

Sawa. Haliharakishwi. Dakika yenyewe ilishapita zamani, naye anajua. Petroli ya kituo inaungua bure. Jogoo wamenyamaza. Keshokutwa ndiyo Jumatatu.

Amekivua kiatu cha mguu ule wa nje. Anakikung'uta vumbi, taratibu, kwenye kizingiti cha mlango. Sijui atakivalia ndani au nje. Sigeuki. Naangalia kwenye kioo: kiatu kimetangulia ndani, mguu unafuata.