Bibi Anashangiliwa, Mpigaji Ni Mimi

Mpendwa Shangazi, naomba unisaidie kabla ya Jumamosi, maana nacheka peke yangu darasani na hapo hapo nahesabu siku zilizobaki.

Mimi ni msichana wa kidato cha tatu, mpole kupindukia, rafiki zangu wengi wamo vitabuni, na yote yalianza wakati wa ugonjwa ule uliotufungia sote majumbani, ukumbi wa muziki wa mtaa wetu ulipofungwa na wanabendi wakaanza kupiga kila mtu kwenye roshani yake, wakajiunga nao watu ambao zamani hata mlango wa ukumbi hawakuujua, kinyozi na tarumbeta lake, fundi cherehani na ngoma, nami nikajiunga na kinanda nyuma ya pazia, huku bibi yangu amekaa mbele ya pazia akipunga hewa, basi mtaa mzima ukaamini mpigaji ni yeye.

"Hoyee, bibi!" wakapiga kelele. Bibi akasimama, akawapungia mkono!

Nilipomuuliza, akasema, "Mjukuu wangu, ulitaka niwavunje moyo na majonzi yote yale?"

Sasa ukumbi umefunguliwa, bendi imewachukua watu wote wa roshani, na bibi, ambaye hajui hata kinanda kinawashiwa wapi, amealikwa kufungua onyesho la Jumamosi, naye amekubali na gauni ameshonesha. Kinyozi alikuja kupima kimo cha kiti, akampongeza bibi, kisha akapima magoti yangu mimi. Shangazi, natamani kupiga na watu wale kuliko kitu chochote, lakini nikitazamwa vidole vinakufa ganzi. Nikisema ukweli bibi ataaibika, nikinyamaza ataaibika zaidi. Nifanyeje?

Wa Nyuma ya Pazia

Mwanangu,

Nimecheka mpaka chai imenipalia. Pole, na hongera. Sasa nisikilize.

Kinyozi ana macho. Nani hupima kiti cha bibi kwa magoti ya mjukuu? Wanajua, na wanakusubiri wewe. Bibi naye hana mpango wa kupiga, ana mpango wa kukufikisha ukumbini. Usimsingizie aibu, mwenye hofu hapa ni wewe peke yako.

Leo, kabla hujala, mwambie: "Bibi, naomba unitambulishe." Kuongea na umati ni kazi yake, anaiweza. Kisha nenda mazoezini, ukae karibu na yule fundi cherehani mwenye ngoma, umtazame yeye tu. Vidole vikifa ganzi, anza hivyo hivyo. Utakosea, wote mlikuwa mnakosea roshanini, na watu walilala wakiimba.

Wakikushangilia, usikimbie. Anza wimbo wa pili.

Shangazi