Chuma Nilichotundikia Birika

Misiera, Nakivale
Jumanne, mvua imekatika

Kwako Yaya Esperansi, dada yangu mkubwa,

Nakusalimu wewe na wote wa nyumba ya Uvira. Goti lako linasemaje? Maji ya mafuriko yametoka uani, au bado mnapitia kwa jirani? Huku kambini Uganda tunapumua. Mke wangu anasema nanenepa, na mtu mwenye jambo nililo nalo hapaswi kunenepa.

Yaya, kabla hujaita watu, nakuomba barua hii uisome peke yako kwanza. Nakujua. Ujumbe wangu ukiingia kwenye simu unaweka sauti ya juu, hata bata wa jirani wanapata habari zangu. Ndiyo maana safari hii nimechukua karatasi na kumpa mama muuza vitenge anayekuja huko. Karatasi haina sauti.

Unakumbuka nilichokuambia mwezi uliopita, juu ya Hajati wa Mbarara mwenye duka la spea za baiskeli: kwamba aliniuzia foki mbovu na katekista wetu akaanguka. Ulikasirika utadhani umeanguka wewe. Ukawasikilizisha akina mama wa jumuiya yenu, kisha mkanirudishia sauti zenu mama saba, mkiomba kwa zamu, kila mmoja akimtajia Mungu jina la Hajati na mji wake na biashara yake, ili adhabu isije ikampata mwingine. Niliisikiliza mara moja tu, nyuma ya kibanda, simu nimeibana sikioni.

Yaya, Hajati hakukosa kitu. Aliyekosa ni mdogo wako.

Katekista wetu anaitwa Nestori, Mrundi, mtu wa miaka sitini hivi, mguu wake mmoja ni mfupi. Anazunguka Misiera na Kashojwa mpaka Kabazana wanakopokelewa wageni wapya, anafundisha, anasali na wagonjwa. Waumini walimpatia baiskeli ya umeme. Betri imefungwa kwenye fremu, na mota imo ndani ya habu, kile kitovu cha gurudumu la mbele, kwa hiyo inamvuta kama mbuzi anayekumbuka nyumbani. Shida yake ilikuwa mawe. Foki, ile miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele, ilikuwa ya chuma kitupu, haibonyei hata kidogo. Akifika Kabazana vidole vimekufa ganzi, hawezi kufunua kurasa za kitabu. Akaniuliza kama naweza kumfungia foki yenye springi ndani, kama ya pikipiki. Nikamwambia, mzee, hiyo ni kazi ya kabla ya chai.

Sikuwahi kuweka foki ya namna hiyo kwenye baiskeli ambayo mota iko mbele. Hilo sikumwambia.

Nikaenda Mbarara. Hajati amezipanga foki zake ukutani kama nguo za sikukuu, nami nikachagua moja nyeusi inayong'aa. Aliniuliza ni ya baiskeli gani, nikamweleza. Akaishusha, akanionyesha kule chini ekseli inakokaa.

"Ssebo, hii ni ya mtu wa kukanyaga," akasema kwa Kiswahili chao cha huku, ssebo ndiyo bwana. "Hapa ni alumini. Mota ikivuta, ekseli itazunguka, itapasua. Ngoja, nitatafutia wewe ya chuma."

Dukani walikuwepo wateja watatu, wote wananitazama. Ungekuwepo ungenifinya mapema, kama zamani kanisani. Nikamjibu, "Hajati, wewe uza, kufunga niachie mimi. Spana nilizishika wewe hujaota meno." Tena tuko rika moja. Wateja wakacheka, na yeye mwenyewe akacheka kidogo kwa heshima, akanifungia foki kwenye gazeti. Nikikumbuka kile kicheko chake nafunika uso, hata nikiwa peke yangu.

Sasa, unakumbuka kitambaa cha baba. Kila alichofungua kwenye baiskeli alikilaza pale kwa mpangilio wake, na hakuna aliyeruhusiwa kunawa mikono mpaka kitambaa kibaki kitupu. Wewe ulikuwa ukimsaidia vizuri kuliko mimi. Mimi nilikuwa fundi wa kutumwa sigara. Kitambaa kile ninacho hadi leo, na siku ile nilikitandika. Nikatoa foki ya zamani, kila kitu nikakilaza fasi yake. Ekseli ya mota ilikuwa nene, haikuingia kwenye nafasi za foki mpya, nikazipanua kwa tupa. Nikakaza nati mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Kwenye kitambaa kikabaki kitu kimoja: kipande cha chuma bapa, urefu wa kiganja, kina tundu upande mmoja na upande wa pili kimepinda. Kilikuwa kimeungana na ekseli na kufungwa kwa kibano kwenye mguu wa foki ya zamani. Nilijaribu kukifunga kwenye mpya, lakini mguu wake ni mnene, kibano hakikuuzunguka, nikakilazimisha kikakatika. Nikajiambia ni urembo wa kiwandani. Nikanawa mikono.

Na kwa kuwa mimi situpi kitu, nikakipigilia kwenye nguzo ya kibanda, nikatundikia birika la chai.

Siku kumi Nestori alinisifu kila alikopita. Siku ya kumi na moja, akipanda kile kilima cha Kashojwa, akaipa mota nguvu yote. Ekseli ikazunguka, ikapasua alumini, ikakata waya, gurudumu likachomoka. Nestori akaendelea mbele bila baiskeli. Mfupa wa bega ulivunjika, na meno mawili ya mbele yakabaki njiani.

Nilipofika walikuwa wamemkalisha chini. Mtu akauliza, fundi, imekuwaje? Mdomo wangu ukanitangulia. Nikasema foki ni feki, nimeuziwa na Hajati wa Mbarara. Nestori, damu kidevuni, akanitazama kwa huruma. Mimi ndiye niliyehurumiwa.

Nilirudisha baiskeli kibandani nikataka chai. Mkono ulipofika kwenye birika nikaliona lile tundu la chuma. Si la mviringo, lina pande mbili zilizonyooka, sawasawa na ekseli ya mota. Kazi ya kile chuma ni kuishika ekseli isizunguke mota inapovuta. Nilielewa palepale, birika likiwa mkononi. Na ile sauti niliyokutumia wewe, Yaya, niliituma siku mbili baada ya kuelewa. Hapo ndipo aibu yangu inapokaa. Kuropoka mbele ya watu, mtu anaweza kusema aliogopa. Lakini wewe hukuwa umeniuliza kitu.

Chuma sikukitoa. Kukitoa kungekuwa kukiri, kwa hiyo niliendelea kunywa chai.

Uongo wenyewe ulitembea kuliko baiskeli. Watu wa Misiera waliokuwa wakichukua spea kwa Hajati wakahamia kwingine. Wengine walimwambia usoni kwamba anauza kifo. Nami nikiulizwa natikisa kichwa tu, kama mjane.

Basi wiki ya tatu, Alhamisi, Hajati akasimama mbele ya kibanda changu, baibui lake limejaa vumbi. Hakupiga kelele. Nilimpa kigoda, nikaongea mingi juu ya mvua, nikanyanyua birika nimmiminie chai. Yeye akawa anatazama kilichobaki kwenye nguzo.

"Hiyo chuma ulitoa wapi, ssebo?"

Akaniomba nikishushe. Gurudumu lenye mota lilikuwa limeegemea kwenye sanduku la spana. Akachukua chuma, akakivisha kwenye ekseli. Kiliingia bila kusukumwa.

"Imekaa," akasema.

Akakipangusa kwa ncha ya mtandio, akanirudishia. "Mimi nilitoa foki zote kwa ukuta," akasema. "Nilifikiri ni kweli, niliumiza mtu wa Mungu. Sasa hata nikiuza nati moja, mkono yangu inaogopa."

Nilimwomba msamaha. Akasema hakusafiri kuja kusikia neno hilo akiwa peke yake ndani ya kibanda, watu waliomsema hawakuwa kibandani. Chai hakuigusa. Akaondoka kama alivyokuja, na mimi nikabaki na kikombe kimejaa.

Siku hiyohiyo nilikwenda kwa Nestori, bega limefungwa. Nilimwambia yote, mpaka habari ya birika.

"Huyu mama nimemwombea asamehewe, kila siku, tangu nianguke," akasema. Meno hayapo, kila "s" inapita na filimbi yake, na mimi hata kutabasamu sikuthubutu. "Sasa yale maombi niyapeleke fasi gani?"

Nikamwambia anipe mimi.

"Utayachukua Jumapili, kwenye matangazo. Utasema mwenyewe. Mimi siwezi kukusemea, meno sina."

Jumapili nilisimama. Nilitazama viatu vyangu, nikasema nilivyoweza, nikakaa. Bibi mmoja Mrundi kutoka nyuma akasema hawakusikia. Ikabidi nisimame tena, nianze upya, Hajati kwa jina, chuma, birika, mpaka mwisho. Ukitaka kujua aibu ni nini, Yaya, si kulisema jambo. Ni kulirudia kwa sauti.

Jumatatu nilikuwa dukani kwa Hajati kabla hajafungua vizuri. Alinisimamisha pembeni mpaka wateja wakaongezeka, ndipo akaniuliza, mbele yao, nataka nini. Nikaomba kibano kipya cha kufungia kile chuma, nikawaeleza wote kwa nini nakitaka na kwa nini sikukihitaji mara ya kwanza. Alinipa kibano. Akamwambia mtumishi wake azirudishe foki ukutani, huku mimi nikiangalia. Nilipoaga aliitika.

Nimemrudishia Nestori foki yake ya chuma, na ekseli imeshikwa na kile chuma. Nilinawa mikono kitambaa kikiwa kitupu. Kilima cha Kashojwa nilikipanda mimi mwenyewe kwanza, mota ikivuta kwa nguvu zote. Usukani nimeuvalisha mpira mnene, ganzi imepungua kidogo. Nestori bado hajaipanda. Anapita anaiangalia, ananiangalia, anasema bega halijapona. Simlazimishi. Kesho nitambeba mwenyewe kwenda Kabazana kwenye baiskeli yangu ya kawaida, kama nilivyofanya wiki nzima. Mzee si mwepesi.

Nisalimie mama mdogo, mwambie dawa ya macho naitafuta. Nisalimie shemeji, mumeo, na mwanao fundi cherehani. Kofia aliyonishonea inanibana, kichwa kimekuwa kikubwa, sasa unajua kwa nini. Mke wangu anakusalimu sana, ndiye aliyenunua karatasi hii na kuniketisha hapa. Birika letu siku hizi linakaa chini.

Umeshamaliza kusoma peke yako. Basi sasa waite wale mama saba, na hata jirani mwenye bata. Wakishakaa, uanze tena kule juu, kwenye salamu, usiruke kitu. Na wa nyuma wakisema hawakusikia, rudia.

Ni mimi mdogo wako,
Bahati, fundi baiskeli wa Misiera